Abraham Lincoln hakuwa mtu wa kushindwa kila mara

Simulizi moja hupendwa sana na wahamasishaji: kwamba Abraham Lincoln alishindwa katika kila jambo hadi alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani mwaka 1860. Simulizi hiyo si sahihi. Ni kweli kwamba aliangushwa alipogombea ubunge wa jimbo la Illinois mwaka 1832, lakini wapiga kura wa New Salem, kijiji alikoishi na kufahamika, walimpa kura 277 kati ya 300. Mwaka 1834 akachaguliwa, kisha akarudishwa bungeni mara tatu mfululizo.

Leseni ya uwakili aliipata mwaka 1836, akiwa tayari mbunge, hivyo wanaosema kwamba uwakili ndio uliomwingiza katika siasa wanageuza mpangilio wa mambo. Na hapa kwenye uwakili, kwa maoni yangu, ndipo anapodhulumiwa zaidi, kwani alisimamia mamia ya kesi katika Mahakama ya Juu ya Illinois, na kampuni ya reli ya Illinois Central ilipokataa ada yake ya dola 5,000 kwa kesi ya kodi aliyoishindia, aliishtaki na mwaka 1857 akalipwa. Useneta aliukosa mwaka 1858, ila midahalo yake na Stephen Douglas, mpinzani wake aliyeshinda kiti hicho, kuhusu utumwa ilimtangaza nchi nzima.