Solidago haikuletei mafua ya mzio, we ipande tu

Mwezi wa nane ukifika huku Amerika Kaskazini maswali tunayopata wataalamu wa mimea ni yaleyale, mtu anapiga chafya, macho yanamwasha, akichungulia nje anaona maua ya njano ya solidago yamejaa kando ya barabara basi kashapata mwizi wake. Jamani sio yeye! Chavua ya solidago, yaani ule unga wa maua, ni nzito na inanata, haipeperuki ovyo, inasubiri nyuki aje aibebe. Anayewatesa ni ambrosia, gugu lenye vimaua vya kijani ambavyo hata huvioni, linachanua kipindi hichohicho na chavua yake inasafiri na upepo.

Solidago ni ua la asili la Amerika Kaskazini, majimbo ya Kentucky na Nebraska kule Marekani yamelifanya ua la jimbo kabisa, ila aina ziko nyingi na hapo ndo wengi wanapochemka. Solidago canadensis usiiweke kwenye bustani ndogo hata ukipewa bure, inatambaa chini kwa chini mpaka unakuta imemeza jirani zake wote, na kule Ulaya na China imeshakuwa gugu vamizi. Kama una kivuli cha miti chukua Solidago caesia, kama jua lipo la kutosha Solidago speciosa, hizi zinatulia sehemu moja.

Mbegu zinataka baridi kwanza. Zimwage nje kabla majira ya baridi hayajaanza, zilaliwe na theluji, au changanya na mchanga wenye unyevu kidogo uweke kwenye friji kama miezi miwili, halafu ukipanda usizifukie maana zinahitaji mwanga, zibonyeze tu juu ya udongo. Mbolea achana nayo, ukiirutubisha sana inarefuka weee halafu mvua ikipiga inalala chini. Kama inakuzidi kimo, mwanzoni mwa mwezi wa sita ikate ibaki nusu, itatoa matawi na bado itachanua kwa wakati wa vipepeo monaki wanaopita kwenda Meksiko, na hao wanahitaji nekta kwelikweli maana safari ni ndefu.

Ukikuta shina limevimba duara usikimbilie dawa, ndani kuna lava (funza) wa nzi mdogo anaitwa Eurosta solidaginis, mmea hauuawi na hilo, na wakati wa baridi ndege wanatoboa wanamla, kwa hiyo mashina makavu yaache yasimame mpaka majira ya machipuko, baridi ikiisha.