Salfo siyo mlinzi wa getini

Jana tena kijana wa maabara kaniletea bloti mezani kwangu, ile karatasi ya protini zilizojipanga kwa mistari, bendi zimependeza kweli, naambiwa "Dokta, hizi zote ni protini za juu ya seli." Nikauliza, na hii aktini, protini ya ndani ya seli, hapa chini inafanya nini? Kimya. Nimechoka, ndo maana naandika.

Watu wanaamini ukitumia biotini ya salfo-NHS (lebo inayojibandika kwenye protini), chochote utakachovua na streptavidini, inayoing'ang'ania biotini, kimetoka juu ya membreni, yaani ukuta wa seli. Salfo ina chaji, haipenyi, sawa. Kwa seli ILIYO HAI. Iliyokufa ina matundu, biotini inazama ndani inashika kila laisini (amino asidi ya protini, yenye amini ambayo biotini hujibandika) inayokutana nayo, na huko ndani protini ni nyingi kuliko za juu, kwahiyo wafu wachache tu wanakuharibia picha nzima. Na mara nyingi umewaua mwenyewe, umeosha na PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) isiyo na kalsiamu wala magnesiamu, seli zinajikunyata zinaachia sahani, wewe unamimina tu kama unasuuza vyombo.

Mengine haraka haraka: barafu mwanzo mwisho, kwenye joto seli inameza protini zake huku unasubiri. Biotini iyeyushe muda uleule wa kuitumia, maji yanaimaliza. Bafa ya Tris usiiguse mpaka wakati wa kuzima biotini iliyobaki, ina amini yake, itakula biotini yako yote.

Sasa ile aktini. Inaweza kuja haijashikwa na biotini hata moja, imedandia lifti tu kwa protini ya membreni. Weka SDS (sabuni kali) kidogo kwenye bafa ya kuoshea, ikipungua ni mdandiaji. GAPDH, protini nyingine ya ndani tunayopimia uvujaji nayo, imesharipotiwa kukaa juu kabisa kwenye baadhi ya seli, kwahiyo kipimo chenyewe ndo hivyo... Mimi napima zote mbili, aktini na GAPDH, na sahani ya pembeni naitia propidiamu, rangi inayoingia seli zilizokufa, nihesabu wafu.

Halafu bendi isipoonekana usikimbilie kuandika "haipo juu", labda laisini zake zimejificha. Na iliyoonekana nayo siyo ileile tena: ukibandika biotini kwenye laisini umeiondolea chaji chanya, na kama risepta (protini inayopokea ujumbe) ilikamatia ligandi (molekuli inayouleta) hapohapo, ushaiharibu. Hili tunalipita kimyakimya wote, na mimi nimo.

Kijana nimemwambia aanze upya. Leo kaosha kwa pipeti, pembeni ya sahani, taratibu, tumechungulia kwenye maikroskopu seli bado zimelala flati. Bloti kesho.