Homa kwa mwenye valvu ya bandia

Hapa Bukavu mtu akishikwa na homa hukimbilia duka la dawa: vidonge vya malaria, na juu yake antibiotiki za siku mbili tatu. Kwa aliyewekewa valvu ya bandia moyoni, yaani mlango wa kutengenezwa unaozuia damu kurudi nyuma, zoea hilo linanitisha kuliko yote ninayokutana nayo kazini.

Valvu ya kimekanika ina vibawa vya kaboni ngumu vinavyoweza kudumu miaka mingi sana. Udhaifu uko kwenye pete yake, iliyovikwa kitambaa cha poliesta ambacho mpasuaji hukishonea kwenye nyama ya moyo. Bakteria wakiingia kwenye damu, kwa mfano kupitia fizi mbovu au jipu la ngozi, hung'ang'ania pale kwenye mshono. Hujifunika utando, dawa haiwapati vizuri, nao hula nyama taratibu hadi valvu inalegea na damu inavuja pembeni. Haya huweza kutokea hata miaka kumi baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa amekwisha kulisahau kovu lake.

Antibiotiki za siku mbili hazimponyi. Zinashusha homa tu, kisha damu ikipelekwa maabara kuoteshwa ili bakteria wajulikane, hakuna kinachoota, nasi tunabaki kutibu kwa kubahatisha. Hata kipimo kikionyesha malaria sitosheki, maana kwetu mtu huweza kuwa na vimelea vya malaria na ugonjwa mwingine kwa pamoja. Ndugu zangu wauguzi wa vituo vya afya, nawasihi: chukueni damu kwanza, mara tatu, sehemu tofauti za mwili, ndipo antibiotiki ianze. Aliyezidiwa sana achukuliwe damu haraka na dawa ifuate papo hapo.

Kuna pia damu kuganda kwenye vibawa. Valvu hulia tik-tik. Usiku chumba kikitulia, hata mume huisikia kifuani mwa mkewe. Mlio ukififia na mtu akaanza kuhema, aletwe siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya kila siku. Kwa valvu ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, natafuta INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) kati ya 2.5 na 3.5. Sombe, majani ya muhogo, simkatazi mtu: vitamini K yake hupunguza nguvu ya dawa, lakini ukila kiasi kile kile kila wiki, tunapanga dozi kuifuata.

Na msichana mwenye valvu hii akitaka mtoto, aje kabla ya kushika mimba. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuiacha ghafla kunaweza kumwua mama.