Kabla ya Kuilaumu Mashine, Kagua Mabomba ya Hewa

Mara nyingi ninapoitwa kukagua mfumo wa kupoza au kupasha joto nyumba, huwa namkuta mwenye nyumba ameshatoa hukumu: mashine imechoka, inunuliwe nyingine iliyo kubwa zaidi. Mimi huomba ngazi, nikawasha tochi na kupanda juu ya dari, kwa sababu mashine inaweza kuwa nzima kabisa huku hewa iliyolipiwa umeme ikimwagika mahali pasipokaa mtu. Katika nyumba ya kawaida yenye mfumo wa namna hii, asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita ndani ya mabomba hupotea njiani kupitia matundu na viungio vilivyoachana.

Mabomba hayo, ambayo sisi mafundi huyaita dakti, yana pande mbili. Upande wa kupeleka huchukua hewa iliyotayarishwa na kuifikisha vyumbani, na upande wa kurudisha huinyonya hewa ya vyumbani na kuirejesha kwenye mashine. Watu wengi hukagua upande wa kwanza tu, kwa kuwa ndio unaowapulizia usoni, ilhali madhara makubwa niliyokutana nayo yalitoka kwenye ule wa pili.

Chukua mfano wa nyumba ambayo hewa yake ni nyuzijoto 25, na juu ya dari, wakati wa jua kali, ni nyuzijoto 50. Ikiwa bomba la kurudisha lina ufa unaoingiza hewa ya darini kwa kiwango cha asilimia 10 tu, mashine haitapokea tena hewa ya nyuzi 25 bali ya nyuzi 27.5. Kama uwezo wake ni kuishusha hewa kwa nyuzi 10, robo ya kazi hiyo itakuwa imeliwa na ufa ambao pengine hauzidi upana wa kidole, tena kabla hujahesabu unyevu na vumbi vinavyoingia pamoja na hewa hiyo. Nyumba inayojaa vumbi siku moja tu baada ya kufagiliwa, hata kama chujio ni jipya, hunifanya niutilie shaka upande huu kwanza.

Upande wa kupeleka unapovuja, hewa hutoka nje ya nyumba na nyumba hulazimika kufidia upungufu huo kwa kunyonya hewa ya nje kupitia madirisha, milango na kila mwanya. Hapa si suala la gharama peke yake. Palipo na hita ya maji ya gesi inayotoa moshi wake kwa bomba la wima, mnyonyo huo unaweza kuurudisha moshi ndani pamoja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua. Kwa nyumba za namna hiyo sikubali kazi ifanywe kwa kubahatisha.

Dalili nyingine hazihitaji kifaa chochote. Funga mlango wa chumba huku mfumo ukifanya kazi, kisha uufungue kidogo: ikiwa hewa inayotoka kwenye tundu la chumba inaongezeka ghafla, chumba hicho hakina njia ya kutosha ya kurudisha hewa. Ukiwa darini, tazama sufi ya kioo, yaani nyuzi laini za kuzuia joto, iliyozungushiwa mabomba. Mahali inapokuwa na madoa meusi, hewa imekuwa ikipenya hapo kwa muda mrefu na sufi imekuwa ikiuchuja uchafu wake. Madoa hayo humwonyesha fundi tundu lilipo kabla hajaligusa.

Tatizo la pili ni mabomba yanayobana. Kwa kiasi kilekile cha hewa, bomba la kipenyo cha sentimita 15 hudai shinikizo takriban mara nne ya lile la sentimita 20, na wengi hawaamini hadi niwaonyeshe hesabu. Mabomba ya kunyumbulika ndiyo yanayoharibiwa zaidi na ufungaji wa haraka: huachwa marefu kuliko inavyohitajika, yakajikunja kama soksi na kuning'inia. Bomba la aina hii livutwe hadi linyooke, urefu uliozidi ukatwe, na liegemezwe kila baada ya mita 1.2 hadi 1.5, ili lisilegee zaidi ya sentimita 4 kwa kila mita.

Mashine nyingi za nyumbani zimekusudiwa kufanya kazi kwenye shinikizo la takriban paskali 125, nami nimewahi kusoma 230 kwenye nyumba ambayo mwenyewe alikuwa ameziba matundu ya vyumba vitatu akidhani anaokoa umeme. Ndiyo maana mashine kubwa zaidi haisaidii. Shinikizo hupanda kwa kipeo cha pili cha mtiririko: ukiongeza hewa kwa asilimia 25 katika mabomba yaleyale, shinikizo hupanda kwa zaidi ya nusu, na unachopata ni kelele.

Kuhusu kuziba, utepe wa kitambaa wa rangi ya fedha, ambao kwa Kiingereza umepewa jina la dakti, ndio usiofaa kwa kazi hiyo. Watafiti wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley nchini Marekani waliujaribu mwaka 1998 kwenye joto la aina ya mabomba haya, na ukashindwa vibaya. Mimi hutumia masitiki, gundi nzito inayopakwa kwa brashi, na panapokuwa na mwanya unaozidi milimita 6 hutandika kwanza wavu wa nyuzi za kioo. Kiungio cha bati kishikwe kwa skrubu zisizopungua tatu kabla ya kupakwa, kwa kuwa gundi ni ya kuzuia hewa, si ya kubeba uzito. Anzia karibu na mashine, ambako shinikizo ni kubwa na tundu dogo hupoteza hewa nyingi, kisha uelekee vyumbani.

Usiirudishe siku hiyohiyo sufi uliyoiondoa ili kuziba. Masitiki ikishakauka, mfumo upimwe kwa feni ya majaribio kwenye paskali 25 huku matundu yote ya vyumba yakiwa yamezibwa, na ikiwa bado unavuja kupita kiasi, moshi wa majaribio utaonyesha mahali. Baada ya hapo ndipo sufi ifungwe, ngozi yake ya kuzuia mvuke ikielekea nje na viungio vyake vikiwa vimezibwa, la sivyo bomba lenye hewa baridi litatoa jasho na kuilowesha dari yote.