Je, wajua kwa nini oili mpya na safi inaweza kuua giaboksi ya CVT, yaani ile automatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia za hatua?

Gari halijamaliza mwaka tangu litoke bandarini. Saa inasoma kilomita 70,000 na bodi bado inang'aa. Limepelekwa sevisi, limewekewa oili mpya ya giaboksi, tena ya bei. Wiki kadhaa baadaye, kila likitoka kwenye foleni linatetemeka kama limepita kwenye rasta, injini inalia na gari halivuti. Hukumu hutoka papo hapo: CVT ni giaboksi mbovu.

Huenda giaboksi haikuwa na kosa. Kosa lilianza kwenye imani moja ambayo madereva wengi tunayo, na mafundi wazuri nao wanayo: kwamba kazi ya oili ni kufanya chuma kiteleze, basi inayoteleza zaidi ndiyo bora, na ile nyekundu ya ATF, oili ya automatiki za kawaida, inafaa kwa kila gari la automatiki. Kwa injini imani hiyo haina ubaya mkubwa. Kwa automatiki ya kawaida inavumilika kiasi, kwa sababu mle ndani nguvu hupita kwenye meno ya gia, na jino likishakamata jino mwenzake haliulizi oili inateleza kiasi gani, ingawa klachi zake nazo hutegemea oili sahihi. Kwenye CVT, kati ya puli mbili zinazobeba nguvu yote ya gari, hakuna jino hata moja. Ni chuma kimebanwa na chuma, na katikati pana oili. Oili hiyo ina kazi mbili zinazopingana: ipoze na kulainisha, na wakati huohuo ishike.

Wazo la mkanda na puli ni la zamani. Hub van Doorne wa Uholanzi aliuza magari ya DAF yenye mikanda ya mpira tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mkanda wa chuma ukaja baadaye, na Wajapani wakaupenda mno. Ndiyo maana Vitz nyingi za kuanzia 2005, Ractis, Note, X-Trail T31 na Fit tunazoagiza zina CVT.

Chukua mabakuli mawili, yageuze yatazamane migongo, yaweke kwenye ekseli moja: hiyo ni puli. Yakisogeleana, mkanda unasukumwa kwenda ukingoni. Yakiachana, unazama katikati. Puli moja ikifunga, ya pili inafungua, na uwiano unabadilika bila kituo. Kwa hiyo injini kubaki kwenye mlio mmoja huku gari likiongeza kasi si ugonjwa.

Mkanda wenyewe ni kioja. Una vipande 400 hivi vya chuma, kila kimoja chembamba kuliko milimita 2, vimepangwa kwenye tepe nyembamba za chuma. Shika bunda la sarafu kiganjani usukume ya nyuma: ya mbele inasogea. Mkanda wa CVT unafanya kazi hivyo, yaani unasukuma, hauvuti.

Sasa, vipande hivyo vinashikwa ubavuni tu, kwenye mteremko wa takribani nyuzi 11. Bana kokwa la embe lililolowa kati ya vidole viwili uone linavyochomoka. Wapishi wa kambale wanajua dawa yake: paka majivu mikononi, na samaki yuleyule anashikika bila kuongeza nguvu. Kemikali zilizomo kwenye oili ya CVT ndiyo majivu hayo. Zinajenga utando mwembamba juu ya chuma, unaozuia kulika lakini haugeuzi uso kuwa kokwa la embe.

Tuweke hesabu. Nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 100 ikifika kwenye puli mahali mkanda umekaa milimita 35 kutoka katikati, na kigezo cha msuguano kikiwa 0.10, puli inahitaji kubanwa kwa kama tani 1.4. Tia oili inayoshusha kigezo hicho hadi 0.07, zinatakiwa tani 2. Kompyuta ya gari haijui kwamba umebadilisha oili. Inaendelea kuagiza mbano uleule na akiba yake kidogo juu. Akiba hiyo ndiyo inayodanganya, maana gari linaondoka gereji vizuri kabisa. Siku ya mlima, mzigo na joto, mkanda unateleza kidogo, unakwaruza puli, unga wa chuma unaingia kwenye vali za presha, presha inayumba, mkanda unateleza zaidi.

Kwa hiyo soma jina la oili kwenye kitabu cha gari. Nissan nyingi za zamani hutumia NS-2 na za baadaye NS-3. Toyota ni TC au FE. Honda ni HMMF au HCF-2. Rangi haisaidii, inatiwa kiwandani tu. Chupa iliyoandikwa "inafaa magari yote" ni neno la muuzaji, si kibali cha aliyeunda giaboksi.

Kama oili isiyo yake imeshaingia na dalili bado ni ndogo, usiendelee na safari ndefu. Kumwaga mara moja hakutoshi: kwenye mfumo wa lita 7, zinatoka kama 4, nyingine zinabaki kwenye konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi) na kipozeo. Inabaki asilimia 43 ya oili mbaya. Ukirudia inabaki 18, mara ya tatu 8. Kila awamu pima kilichotoka, rudisha kiasi hichohicho, pitisha gia zote P hadi D, tembea kilomita chache. Usisafishe kwa petroli wala mashine ya presha. Usawa wa mwisho unapimwa gari likiwa limenyooka na injini inawaka. Kwa nyingi zisizo na dipstiki, oili iwe na joto la kati ya nyuzi 35 na 45 za Selsiasi.

Fungua sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, utazame sumaku. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyometameta, vinavyokwaruza kidoleni, maana yake mkanda au puli imeshaumia na oili haitairudisha. Kwenye Nissan, kodi za hitilafu P17F0 na P17F1, zinazosomwa kwa mashine ya uchunguzi, zinahusu ule mtetemo. Ya pili inataka mkanda utazamwe kwa kamera kabla ya kuamua kubadilisha giaboksi nzima.

Na likizima njiani, usilivute kwa kamba matairi ya mbele yakizunguka. Pampu ya oili inaendeshwa na injini, na injini ikiwa imezimwa hakuna oili inayofika kwenye mkanda. Ita gari la kubeba.