Viza ya mhitimu Uingereza: siku zinaanza kuhesabika kabla ya joho

Mzee mmoja wa Tabata aliingia ofisini kwetu na bahasha ya kaki. Ndani alikuwa amechapisha ujumbe wa viza ya binti yake, aliyemaliza shahada ya uzamili Leeds. "Kibali cha kazi kimetoka, mwanangu. Sasa tupumzike." Ada ya chuo ilikuwa imekula kiwanja chake cha Kibaha, kwa hiyo neno kupumzika lilikuwa na uzito. Nikamvutia kiti.

Alichokuwa nacho ni viza ya mhitimu. Mwenye nayo anaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote, hata kujiajiri, bila kudhaminiwa na mwajiri. Lakini hairefushwi, na muda wake haumo katika miaka inayohesabiwa kwa mfanyakazi anayeomba ukaazi wa kudumu. Anayeomba hadi 31 Desemba 2026 anapewa miaka 2. Kuanzia 1 Januari 2027 ni miezi 18, isipokuwa kwa mwenye shahada ya uzamivu, ambaye miaka yake 3 haikuguswa. Huo ni muda wa kutafutia kazi ya kudhaminiwa, basi.

Hatua inayofuata ni viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, na hapo ndipo familia nyingi za Dar zinapokosea hesabu. Tunadhani kinachotazamwa kwanza ni cheti cha chuo. Kinachotazamwa kwanza ni mwajiri: ana leseni ya kudhamini wageni au hana? Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, na kuisoma ni bure. Kampuni isiyokuwemo, hata ikupende namna gani, haiwezi kukudhamini mpaka iombe leseni yake. Ikiwemo, inakutolea cheti cha udhamini, ambacho licha ya jina lake ni kumbukumbu ndani ya mfumo yenye namba yake, nawe una miezi 3 ya kuitumia. Kwa hiyo kijana wa Kariakoo anayekuuzia "cheti" chenye muhuri amekuuzia karatasi.

Kisha mshahara. Tangu 22 Julai 2025 kazi yenyewe kwa kawaida lazima iwe ya kiwango cha shahada, na kima cha chini cha jumla ni pauni 41,700 kwa mwaka, au kiwango cha soko cha kazi hiyo kikiwa juu zaidi. Tarehe hiyohiyo ndiyo mlango wa kuajiri walezi wa wazee kutoka nje ulipofungwa, ingawa bado napigiwa simu za "ajenti ana nafasi za ulezi". Wauguzi na walimu wana ngazi zao za mishahara za kitaifa, zenye kima tofauti.

Aliyetoka masomoni hupewa nafuu kama mwajiriwa mpya: pauni 33,400, au asilimia 70 ya kiwango cha soko, ipi iliyo kubwa. Nafuu hiyo ina kikomo cha miaka 4, na miaka ya viza ya mhitimu inakatwa humohumo. Ukikaa miaka 2 ukipanga bidhaa ghalani ukisubiri kazi ya fani yako, umebakiwa na miaka 2 tu ya nafuu. Ikiisha, mwajiri akupandishe hadi kima kamili au muagane. Waajiri wanaijua hesabu hii, na wengine humkwepa mtu kwa sababu hiyo bila kumwambia.

Lipo jambo jingine ambalo wanafunzi wengi hawalijui, na mimi naliona la thamani kuliko yote. Mwajiri anayedhamini mgeni hulipa tozo ya ujuzi, ambayo tangu 16 Desemba 2025 ni pauni 1,320 kwa mwaka kwa kampuni kubwa na 480 kwa ndogo. Akimchukua mtu aliye bado kwenye viza ya mwanafunzi, hailipi. Akimchukua aliyekwisha kuhamia viza ya mhitimu, analipa. Kwa mkataba wa miaka 3 kampuni kubwa inaokoa pauni 3,960. Mwanafunzi anaruhusiwa kuhama moja kwa moja, mradi tarehe ya kuanza kazi isitangulie tarehe ya kumaliza kozi. Kwa hiyo barua za kuomba kazi zianze kuandikwa wakati tasnifu bado inaandikwa. Na kwenye usaili, itaje tozo hiyo. Maofisa rasilimali watu wengine hawaikumbuki.

Kuna madoa yanayochafua ombi mapema. Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, wiki ikianza Jumatatu na kuisha Jumapili. Saa 24 wiki hii na 16 ijayo hazifidiani. Kujiajiri hakuruhusiwi kabisa, na hapa dada zetu wananuna: kusuka nywele za watu kwa malipo chumbani, au kupika pilau la sherehe kwa oda, ni kujiajiri.

Na ukishatuma ombi ukiwa Uingereza, usitoke mpaka jibu lije. Ukipanda ndege kuja sendoff ya dada yako Sinza, ombi linahesabika umeliondoa mwenyewe. Majibu kwa kawaida huchukua hadi wiki 8. Sendoff utaitazama kwenye simu.

Mzee alisikiliza, kisha akampigia binti yake palepale, sauti ikiwa wazi. Kampuni inayomtaka iko kwenye orodha? Ipo, baba. Mshahara? Binti akataja pauni 31,500. Mzee akanitazama. Nikamwomba simu, nikamuuliza binti kama mkataba ameshausaini.

"Bado. Wanausubiri Ijumaa."

Tulikuwa na siku nne.