Viwanda vya silaha vya Kisovieti vilikuwa vikitengeneza pikipiki tangu zamani

Wengi huamini kwamba viwanda vya silaha vya Umoja wa Kisovieti havikujua kutengeneza kitu kingine hadi kiongozi wao, Gorbachev, alipotangaza katika Umoja wa Mataifa, Desemba 1988, mpango wa kuvigeuza vitengeneze bidhaa za kiraia. Sivyo. Mji wa Izhevsk, kunakotoka bunduki za Kalashnikov, ulitoa pia pikipiki za Izh, na tangu 1966 magari ya Moskvitch. Uralvagonzavod, kiwanda maarufu cha vifaru vya kivita, ilifunguliwa 1936 kutengeneza mabehewa ya reli; vifaru vilikuja na vita, 1941, na mabehewa hayakukoma baada yake. Hata televisheni za nyumbani, karibu zote zilitoka viwanda vya wizara za ulinzi.

Kwa hiyo ujuzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni hesabu ya gharama. Mteja wa silaha alikuwa serikali, naye hakuuliza bei. Mwaka 1992 oda za jeshi zilikatwa ghafla, bei zikaachiwa huru na bidhaa za nje zikamiminika, wakati huohuo. Baadhi ya viwanda viliishia kuuza sepetu za titani, madini ya kuundia ndege na nyambizi. Sepetu nzuri, kwa kweli: nyepesi na haishiki kutu.